Vipimo vya mvua vya nyumbani: kipi kinafaa masika ya siku hizi?

Muulize mkulima yeyote aliyevuka miaka hamsini, kuanzia Tanga mpaka Rufiji na ng'ambo ya maji Unguja na Pemba, atakwambia masika hayaji tena kama alivyoyajua utotoni. Upepo wa kaskazi ulipolegea mwezi wa tatu, watu walijua wakati wa jembe umewadia. Mvua ikishashika ilinyesha wiki baada ya wiki, mara nyingi usiku na alfajiri, na ardhi ikanywa taratibu. Siku hizi inachelewa, inakuja kwa kishindo, inakata siku kumi mahindi yakiwa ya magotini, halafu inarudi siku moja na kusomba udongo wa juu wote.

Watafiti waliochambua mvua za Afrika Mashariki wamekuta jambo linalofanana sana na maneno hayo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu na 2010, mvua za Machi hadi Mei zilipungua katika sehemu kubwa ya ukanda huu, na kilichopungua hasa ni urefu wa msimu: mvua zinachelewa kuanza na zinawahi kukatika, ilhali katikati ya msimu nguvu yake haijashuka. Vuli nayo inafuata joto la Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 na 2019, maji ya upande wetu yalipokuwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli ilifurika. Mwaka 2021 na 2022 mambo yakawa kinyume, Mto Ruvu ukapungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Masika yenyewe yamekuwa hayatabiriki kwa mazoea: mwaka 2019 yalichelewa wakati Kimbunga Idai kilipovuta unyevu kuelekea Msumbiji, na mwaka 2024 yakafurika bonde la Rufiji kabla ya Kimbunga Hidaya kupiga pwani mwanzoni mwa Mei.

Hayo ni ya ukanda mzima. Shamba lako ni jambo jingine, kwa sababu mvua ya pwani inaweza kunyesha Bunju na kuiacha Kigamboni kavu asubuhi hiyo hiyo. Anayetaka kujua masika ya kwake yamebadilika vipi anahitaji kipimo cha mvua na daftari. Hapa tunavipitia vipimo vya aina tatu ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata, pamoja na kile cha kujitengenezea kwa chupa. Swali letu ni moja kwa vyote: kinaimudu mvua nzito inayonyesha kwa muda mfupi? Kipimo kinachosoma vizuri manyunyu ya milimita 3 kisha kikapotea siku ya milimita 90 hakitakuonyesha badiliko lenyewe.

Kwanza, kwa nini utabiri peke yake hautoshi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu, na ni huduma tunayoiheshimu. Kila mkulima anapaswa kuisikiliza. Lakini soma neno "wastani" kwa makini. Maana yake ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Chukua mahali ambapo masika ya kawaida ni milimita 600: mvua ya milimita 450 ni ya wastani, na ya milimita 750 ni ya wastani pia. Tofauti ya milimita 300 ndani ya neno hilo moja inaamua kama utapanda mpunga au mtama. Tena jumla ya msimu haikuelezi itagawanyika vipi. Mgawanyo huo ndio ulioharibika, na unaonekana tu kwa anayepima kila siku.

Tuanze na kipimo cha plastiki chenye umbo la kabari, kipana juu na chembamba chini, kinachofungwa kwenye nguzo kwa skrubu mbili. Ndicho rahisi kuliko vyote na baadhi ya maduka ya pembejeo huwa nacho. Umbo lake lina faida ya kweli: kwa kuwa chini ni kwembamba, milimita 1 au 2 za kwanza huonekana wazi, na juu alama zinabanana. Kwa mtu anayetaka tu kujua kama mvua ya jana imetosha kupanda, kinafaa kabisa, na hatuoni sababu ya kumwambia atumie fedha zaidi.

Kasoro zake ni nne, na zote zinajulikana kabla hujanunua. Mdomo wake ni mdogo, kwa kawaida sentimita 6 hivi kwa upande, hivyo upepo wa kusi unaopiga mvua kimshazari hupunguza kinachoingia. Hakina faneli, kwa hiyo maji yako wazi kwa jua. Mvua ya saa kumi na moja alfajiri ukiisoma saa nane mchana, sehemu imeshapanda hewani, na mvua ndogo inaweza kupotea yote. Alama zilizochapwa kwa wino hufifia kwa jua la pwani. Chukua msumari au ncha ya kisu, chora mkwaruzo kwenye kila alama ya milimita 10 siku ile ile unayokinunua. Hata wino ukiisha, mikwaruzo itabaki. Kasoro ya nne ni nyufa kwenye matundu ya skrubu. Plastiki hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na skrubu iliyokazwa sana huipasua. Weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya skrubu na plastiki, kaza mpaka kipimo kisitikisike, kisha rudisha nyuma robo mzunguko.

Angalia pia kinabeba kiasi gani. Vipo vinavyoishia milimita 100 na vingine 150. Pwani yetu siku ya zaidi ya milimita 100 si jambo geni, na kipimo kilichofurika hakikwambii ilikuwa 105 au 180. Usinunue cha 100 kama unaishi ukanda huu. Vile vya tyubu nyembamba ya kioo, vinavyoishia milimita 30 au 40 na kuuzwa kama mapambo ya bustani, viache dukani.

Aina ya pili ndiyo tunayoipendekeza: kipimo cha mviringo cha inchi nne, chenye faneli juu, mrija mwembamba ndani na silinda kubwa nje. Madukani kwetu ni nadra, na wengi huagiza kutoka nje, hivyo gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya kabari. Kwa anayetaka kumbukumbu ya miaka mingi, inastahili.

Ubora wake uko kwenye hesabu. Mdomo wa faneli una kipenyo cha sentimita 10.2, na eneo la mrija wa ndani ni sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo huo. Kwa hiyo milimita 1 ya mvua inasimama kwa urefu wa milimita 10 ndani ya mrija, na jicho linasoma sehemu za kumi za milimita bila kubahatisha. Mrija unajaa kwenye milimita 25 hivi. Mvua ikizidi hapo, ziada inamwagikia silinda ya nje, na chote pamoja kinahifadhi kama milimita 280. Faneli inafunika maji, hivyo jua haliyafikii kirahisi, na majani hukwama juu badala ya kuingia.

Siku ya mvua kubwa ndiyo siku wengi wanapokosea kukisoma, kwa hiyo hatua zake tuziseme moja moja. Ondoa faneli. Toa mrija wa ndani ukiwa umesimama wima, usome, uandike, kisha mwaga. Rudisha faneli juu ya mrija mtupu, na umimine polepole maji ya silinda ya nje mpaka mrija ukaribie kujaa. Soma, andika, mwaga. Rudia mpaka silinda ya nje iishe, halafu jumlisha. Usijumlishe kichwani; andika kila namba, kwa mfano 25.0 + 24.2 + 23.6 + 9.4 = 82.2. Usijaribu kuisoma silinda ya nje kwa rula mrija ukiwa ndani yake, kwa sababu mrija wenyewe unachukua nafasi na maji yanaonekana mengi kuliko yalivyo. Vingine vina alama za inchi: inchi 1 ni milimita 25.4, na ni vizuri daftari lote liwe la milimita tangu ukurasa wa kwanza.

Udhaifu wake ni kijitundu cha faneli. Buibui hukitandia utando wakati wa kiangazi, nyigu hukiziba kwa udongo, na ua moja la mwembe linatosha kukifunga. Ukikuta faneli imeshika maji asubuhi, toboa kwa unyasi, acha yateremke yote, ndipo usome. Ndani ya mrija huota ukoga wa kijani unaoficha mstari wa maji. Brashi ya kuoshea chupa za watoto inauondoa, na sabuni kidogo tu inatosha. Usitumie mchanga wala steeliwaya, vinakwaruza plastiki na mrija unakuwa na ukungu daima.

Aina ya tatu ni vituo vidogo vya kielektroniki, vyenye kifaa cha nje kinachopeleka taarifa kwenye kioo kilichoko ndani au kwenye simu kwa waifai. Ndani yake kuna kijiko chenye pande mbili. Upande mmoja ukijaa unapinduka, unamwaga, na wa pili unaanza kupokea. Kila kupinduka kunahesabiwa kama milimita 0.2 au 0.3, kutegemea kampuni. Watu huvipenda kwa sababu havidai mtu aamke kwenda uani, na tunakubali kwamba kitu kimoja vinakifanya ambacho vipimo vya mkono haviwezi: vinakuonyesha saa. Utajua kwamba milimita 38 zilinyesha ndani ya dakika 25 kuanzia saa kumi alfajiri. Fundi wa gata, mchimba makinga maji na mhandisi wa kalvati wote wanaihitaji namba hiyo, kwa kuwa kinachoharibu ni kasi.

Lakini kwa jumla ya mvua, hatukipendekezi kiwe kipimo chako pekee, hasa pwani. Kijiko kinapopinduka, maji yanaendelea kuingia kwa sekunde hiyo ndogo na hayahesabiwi. Kwenye manyunyu upotevu ni mdogo mno. Kwenye mvua ya kishindo kijiko kinapinduka mfululizo na upotevu unakua pamoja na kasi. Maana yake ni kwamba kifaa kinapunguza namba siku zile zile ambazo ndizo zimeongezeka uzito katika mvua zetu, na mtu atakayekitegemea miaka kumi atajidanganya kwamba mvua kubwa si kubwa sana. Kusawazisha kwa kuzidisha namba moja kwa siku zote hakusaidii, kwa kuwa kosa halilingani siku zote. Dawa ni kuweka kipimo cha mkono kando yake, umbali wa mita 2 au 3. Jumla ichukue kwenye cha mkono, na cha umeme kikupe saa na mwendo wa mvua.

Kuna na mengine: mchwa wadogo na sisimizi hujenga chini ya kijiko kikakwama upande mmoja, na kifaa kinaandika sifuri katikati ya masika bila kulalamika. Nguzo ikitikiswa na upepo, kijiko kinapinduka pasipo mvua na unapata milimita 0.6 za uongo siku ya jua. Hewa ya chumvi inakula vyuma vinavyogusana na betri. Vipake grisi kidogo na uvikague kila mwezi ukiwa karibu na bahari. Kijiko kikaguliwe kila wiki mbili msimu wa mvua, kwa kukiinamisha kwa kidole na kusikia kinapinduka huru pande zote mbili. Shule, ushirika au kampuni inayotaka kufunga kituo kamili Tanzania iwasiliane kwanza na Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu usajili. Mazungumzo hayo yana faida nyingine: utaambiwa kituo chao kilicho karibu nawe ni kipi, na hicho ndicho cha kulinganishia.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua asikae bure. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyonyooka pande zake inatengeneza kipimo cha kuaminika kuliko wengi wanavyodhani, mradi usiisome kwa rula. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kuinama, igeuze iwe faneli, uitumbukize kwenye mwili wa chupa na kuibana kwa gundi ya utepe. Mdomo unaohesabika ni ule wa faneli, kwa hiyo ukingo wake ukae sawa na ukingo wa chupa. Weka mawe safi chini ili isiangushwe na upepo? Hapana: mawe hunywa na kushikilia maji. Ichomeke chupa ndani ya kopo zito la rangi lililojazwa mchanga. Asubuhi vuta maji yote kwa sirinji ya mililita 20 ya duka la dawa na uhesabu mililita. Pima kipenyo cha mdomo: kikiwa sentimita 8.8, nusu yake ni 4.4, na eneo ni 3.14 × 4.4 × 4.4, yaani karibu sentimita 60.8 za mraba. Gawanya mililita ulizozipata kwa eneo hilo, zidisha kwa 10, una milimita za mvua. Mililita 243 zitakuwa milimita 40. Chupa hiyo hudumu msimu mmoja tu, kwa kuwa jua linaifanya ikakamae na kupasuka. Andaa nyingine yenye mdomo ule ule.

Sirinji hiyo hiyo ndiyo mahakama ya vipimo vyote vya dukani. Usikiamini kipimo kwa sababu kimechapwa namba. Pima urefu na upana wa mdomo wa kabari kwa rula, ndani kwa ndani, uvizidishe. Tuseme ni 6.2 kwa 5.8, eneo ni sentimita 36 za mraba kasoro kidogo. Tia mililita 36 za maji: maji yanapaswa kusimama kwenye milimita 10. Tia 36 nyingine, yasimame kwenye 20. Kwa kipimo cha inchi nne ni mililita 81 kwa kila milimita 10. Kikikosea kwa milimita moja katika 20, unaweza kuishi nacho. Kikikosea kwa tatu, kirudishe, au ufute alama zake na kuchora zako kwa kufuata sirinji. Kazi hii inachukua nusu saa, na bila hiyo daftari la miaka ishirini linaweza kuwa limejengwa juu ya chapa mbovu.

Mahali pa kukifunga pana uzito sawa na ubora wake. Kanuni ni kwamba kipimo kiwe mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho juu ya mdomo wake, na mara nne ni bora zaidi. Ukuta wa mita 2 hausumbui. Mnazi wa mita 15 ndio tatizo la pwani: unataka mita 30, na mashamba mengi hayana uwazi huo. Chagua uwazi mkubwa ulionao, usikubali hata kidogo kuti lifike juu ya kipimo, kwa sababu kuti hukusanya mvua na kuidondosha sehemu moja, na mahali hapo ukishapachagua usipahamishe. Kipimo kilichohamishwa katikati ya miaka kinaonyesha badiliko la mahali, na hakuna atakayeweza kulitenganisha na badiliko la mvua. Kikilazimika kuhama, andika tarehe kwa wino mwekundu na, ikiwezekana, weka viwili kwa msimu mmoja, cha zamani na kipya.

Juu ya paa usikiweke. Upepo unaopanda ukutani hurusha matone nje ya mdomo. Mita 1 hadi 1.2 kutoka ardhini panatosha, juu ya nyasi fupi, mbali na sakafu ya saruji ambayo hurusha maji. Boriti ya mkoko inafaa kwa nguzo na hustahimili mchwa vizuri. Ichimbie nusu mita, na kichwa chake ukikate mshazari ukiangalia upande usio wa kipimo, ili matone yanayogonga mti yasirukie ndani. Mdomo uzidi kichwa cha nguzo kwa sentimita 10 hivi, na uusawazishe kwa pima maji ya fundi pande zote mbili.

Saa ya kusoma ni saa tatu asubuhi, ndiyo ya vituo vya hali ya hewa pia, kwa hiyo namba zako zitalinganishika na zao. Jicho liwe sawa na maji, na usome chini ya mbonyeo wa katikati, si pembeni ambako maji hupanda kwenye plastiki. Andika tarehe ya siku uliyosoma na usibadilishe desturi hiyo. Siku kavu andika 0. Siku ambayo hukusoma weka mstari. Sifuri na mstari zikichanganywa, hesabu ya siku kavu inakufa, na hiyo ndiyo hesabu muhimu kuliko zote. Ukisafiri siku tatu, andika jumla uliyoikuta na uandike "siku 3". Usiigawe kwa tatu. Daftari la kaunta na penseli vinatosha. Penseli haichuruziki ukiloa ukurasa, na mwisho wa mwezi piga picha kurasa hizo kwa simu.

Sasa daftari hilo linaonyesha nini? Tuchukue mfano wa masika mawili yaliyofikia milimita 520 kila moja. La kwanza lina siku 46 za mvua ya kuanzia milimita 1, siku moja tu iliyopita milimita 50, na ukame mrefu kuliko wote wa siku 6. La pili lina siku 27, nne kati ya hizo zimepita milimita 50 na peke yake zimeleta 270, na katikati kuna siku 13 bila mvua. Kwa jumla ni msimu ule ule. Kwa mahindi, la kwanza ni ghala na la pili ni mabua, kwani siku 13 kavu zikiangukia wakati wa kutoa mbelewele hakuna mvua ya baadaye inayorudisha punje. Milimita 50 ndani ya saa 24 ndicho kiwango ambacho Mamlaka huita mvua kubwa, hivyo ukihesabu siku zake kila msimu unaongea lugha yao.

Baada ya siku za mvua, siku za mvua kubwa na ukame mrefu kuliko wote, hesabu ya nne ni tarehe ya kuanza kwa masika. Mvua ya kwanza si mwanzo wa masika, na wengi wamepoteza mbegu kwa kuamini hivyo. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, zisizofuatwa na siku 10 kavu mfululizo katika mwezi unaofuata. Sharti la pili huwezi kulijua siku ya kupanda, lakini ukilijaza kwenye daftari kila mwaka utaona ni mara ngapi mvua za mwanzo zilikudanganya, na kwa hapo unaamua kama ni busara kupanda shamba lote au theluthi kwanza.

Usitegemee miaka mitatu au mitano itamwambia mtu kwamba hali ya hewa imebadilika. Wastani wa hali ya hewa huhesabiwa kwa miaka 30, na wa sasa ni wa 1991 hadi 2020. Linganisha kila mwezi wako na wastani wa kituo cha karibu wa miaka hiyo, na wakati huo huo kaa na wazee wakueleze miaka waliyopanda mapema na miaka waliyokosa. Wanapotaja tarehe kwa Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua, na miongo ya Kiswahili iandike kama walivyosema, kisha itafsiri kwenye kalenda; mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wa jua kwa siku kumi kumi, na kumbukumbu zao za kuanza kwa mvua zina ufasaha ambao "zamani" haina.

Kwa mwenye tangi, kipimo kinalipa mapema zaidi. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba kwa mvua ya milimita 40 linatoa lita 2,400, na ukiondoa asilimia 20 ya kumwagika na kuloanisha bati unabaki na 1,920. Milimita ya kwanza, lita 60 hivi, ielekeze nje kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kama kipimo kinasema 40 na tangi limepokea lita 1,200 tu, kosa liko kwenye gata: limelala, limeziba, au mvua ilikuja kwa kasi ikaruka ukingo. Siku hizi ni la mwisho mara nyingi kuliko zamani, na gata pana la sentimita 15 linasaidia kuliko kuongeza tangi la pili. Wanaoanika karafuu Pemba na mwani Paje na Jambiani nao wafuate siku za mchoo, yaani mvua ndogo za baada ya masika, na za vuli kwa karibu, kwani milimita 2 zisizotarajiwa zinaharibu mzigo uliokuwa umebakiza siku moja kukauka.

Ukienda kununua, basi, angalia mambo haya ukiwa bado kaunta: alama ziwe zimechongwa au kumiminwa ndani ya plastiki, siyo stika, mdomo uwe na ukingo mkali, siyo wa mviringo, kiwango kifike angalau milimita 150, na kwa cha inchi nne uliza kama mrija wa ndani na faneli vinauzwa peke yake, maana ndivyo vinavyovunjika. Mwezi wa sita masika yakiisha kioshe, rudia jaribio la sirinji, kagua nyufa kwenye matundu ya skrubu, na ukirudishe siku ile ile. Mchoo wa Juni hadi Agosti una milimita chache, lakini zikikosekana kwenye daftari, mwaka mzima unakosa jumla.